Posho ya Nani?

Mtanzania akikuambia mbunge wake amechukua posho, usimtafute mbunge huyo jikoni. Ni fedha hiyo: ya kikao, ya safari, ya kulala. Vuka Mutukula uingie Uganda, na neno lilelile linakuja mezani likitoa mvuke: ugali wa mahindi, mweupe pee, maharage pembeni. Maana hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Posho ni mgao, chakula alichopimiwa mpagazi, askari au kibarua na yule aliyemtuma kazi. Wenzetu wa kusini waliugeuza mgao ukawa fedha. Sisi tulibaki na mgao wenyewe, tukasahau kwamba uliwahi kuwa mgao, na leo ndio chakula cha shule zetu, magereza yetu, kambi za polisi na karibu kila msiba unaozidi watu hamsini.

Nilikulia Walukuba, Jinja, katika nyumba za wafanyakazi ambako Mluo, Msoga, Mgisu na Mnubi walielewana kwa Kiswahili, maana hakukuwa na lugha nyingine ya kugombania bomba la maji. Baba alikuwa kibarua kiwandani. Kila mwisho wa wiki alirudi na mfuko: unga, maharage, chumvi na sukari. Mama alikuwa mpishi hodari, lakini hakuna muuguzi wala bwana shamba aliyewahi kumketisha amweleze habari za mlo kamili. Wangemweleza nini? Mlo ulikwisha kuamuliwa ghalani, kwa kopo.

Nimeanza na kopo hilo kwa sababu mazungumzo yetu ya lishe hulipita bila kuliona. Redioni, kliniki, kwenye mabango ya ukutani, mama anaambiwa apunguze mafuta, apunguze chumvi, aongeze mboga, atembee. Anayeshauriwa siku zote ni mlaji. Mpimaji hashauriwi. Nami nimejizoesha kusikiliza ushauri wa lishe kama hakimu anavyomsikiliza shahidi mjanja: namwacha aseme yake yote, huku nasubiri jina analolikwepa. Maana ushauri ulionunuliwa, mara nyingi, ni wa kweli. Mazoezi yanafaa kweli. Mboga zinafaa kweli. Fedha hainunui uongo pale ambapo kimya kinatosha.

Wapo watakaosema ushauri wa lishe kununuliwa na wenye viwanda ni mambo ya Marekani, yanatuhusu nini. Yanatuhusu tangu zamani, na sehemu ya hadithi hii ilianzia kwetu, juu ya kilima cha Mulago, kwenye hospitali kuu ya Kampala.

Katika miaka ya 1930 daktari Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Uganda akakuta watoto waliovimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka kama iliyoungua. Madaktari walibishana miaka: minyoo? kaswende? Waganda walikuwa na jina lao, obwosi, wakiuhusisha na mama aliyeshika mimba nyingine kabla mtoto hajatosheka na ziwa. Dunia ikachukua jina la huko Ghana, kwashiakoo, lililoletwa kwenye vitabu vya tiba na daktari Cicely Williams, nalo lina maana iyo hiyo ya mtoto aliyeondolewa kifuani. Mwishowe wakakubaliana kwamba tatizo ni chakula, na ndani ya chakula wakachagua kitu kimoja: protini.

Hapo ndipo kopo linaporudi. Protini iliyokuwepo kwa wingi miaka ya 1950 ilikuwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, kutoka Marekani. Serikali ya huko ilikuwa ikinunua maziwa ya wakulima wake ili bei isianguke. Siagi ilikuwa na wateja. Kilichobaki baada ya siagi kilijaa maghalani. UNICEF ikakisambaza duniani, na Mulago ikapata fungu lake. Sitabisha kwamba kiliokoa maisha. Mtoto aliyevimba, asiyetaka hata kutazama watu, alipewa maziwa yale, na baada ya siku kadhaa akaanza kulia kama mtoto. Shida ilianza alipotoka mlangoni. Mama aliyeona unga mweupe umemrudishia mwanawe alihitimisha kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angehitimisha: haya maziwa ya kopo ni dawa. Na dawa, ukiweza, unainunua mapema kabla ugonjwa haujaja. Chupa ikaingia vijijini ambako maji yalichotwa kisimani na kuni za kuchemshia zilihesabiwa.

Umoja wa Mataifa ukaunda kikundi cha washauri wa protini mwaka 1955. Mwaka 1968 ukaonya kwamba dunia inakabiliwa na upungufu mkubwa wa protini. Mwaka 1974 mtafiti Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba hadithi nzima ya pengo la protini ilikuwa kosa kubwa, na kwamba watoto wengi walikosa chakula chenyewe, si kirutubisho kimoja kilichokuwa kikitafutiwa mteja. Miaka ishirini ya ushauri ilikuwa imeegemea kwenye kile kilichokuwepo ghalani.

Mmoja wa walioliona mapema alikuwa Derrick Jelliffe, profesa wa afya ya watoto Makerere mpaka mwaka 1966. Baadaye alibuni jina la ugonjwa huu mpya: utapiamlo unaozaliwa na biashara, wa mtoto anayedhoofu kwa sababu mama yake ameshawishiwa kuacha ziwa na kununua kopo, kisha analizimua kopo ili lifike mwisho wa mwezi. Mabishano yaliyofuata yalizaa kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala, zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 kwa kura 118 dhidi ya moja. Kura ile moja ilikuwa ya Marekani. Uganda iliandika kanuni zake mwaka 1997.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha upande wa pili wa kilima kilekile. Mwaka 1965 Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda kwamba mtoto mwenye siha hutoka kwenye mbeleko. Pale mama hakupewa unga wa kuagizwa. Alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe kitobero: matoke au viazi, maharage au karanga zilizopondwa, vikafungwa pamoja ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, katika chungu kilekile cha chakula cha wakubwa. Alimwona mtoto akipona kwa vitu vya nyuma ya nyumba. Akarudi kijijini akiwa mwalimu.

Sasa niambie, nani adhamini kitobero? Hakina kiwanda, hakina nembo, hakina wakala wa Kampala mwenye gari lenye picha ubavuni. Jani la mgomba halitoi kalenda mwisho wa mwaka. Mwanamugimu bado ipo Mulago na bado inatibu watoto. Hata miaka ya Amin haikuiua. Ila muulize kijana wa leo kitobero ni nini, kisha mtajie jina la uji wowote wa kopo unaotangazwa redioni, uone lipi analolikumbuka na wimbo wake.

Trowell naye hakuishia kwenye kwashiakoo. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ambayo hakuyaona, au aliyaona kwa nadra sana, miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Mwenzake wa Mulago, mpasuaji Denis Burkitt, aliondoka Uganda mwaka 1966 na swali hilohilo mfukoni: kwa nini watu hawa hawaugui utumbo kama Waingereza? Jibu lao lilikuwa nyuzi za chakula, yaani zile sehemu ngumu za nafaka na mizizi ambazo tumbo haliziyeyushi. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wakatoa vipimo, na naomba msomaji anayekula aweke sahani kando: walikuwa wamepima mizani kinyesi. Wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku. Mabaharia wa Uingereza walihangaika kufika gramu 100 na ushee. Fahari ya taifa hupatikana pasipotarajiwa.

Wanavijiji hao walikula matoke, viazi, wimbi, maharage, karanga, mboga. Chakula kizima, kwa wingi, kila siku. Lakini ujumbe ulipofika Ulaya na Marekani ulipitia kiwandani, ukatoka ukiwa mwembamba zaidi: nyuzi. Na nyuzi, tofauti na maisha ya kijiji, zinaweza kutiwa kwenye boksi. Mwaka 1984 kampuni ya Kellogg ilianza kuiuza All-Bran kwa hoja za saratani, kwa kushirikiana na taasisi ya serikali ya Marekani ya saratani. Pumba za ngano ndani ya karatasi, zikiwa na baraka za serikali.

Wakati huohuo huku nyumbani tulikuwa tukielekea upande wa pili. Nenda sokoni Jinja, Mbale au Busia uulize unga. Utaonyeshwa namba moja, mweupe kama chaki, uliokobolewa mpaka kiini na ganda vimetoka. Huo ndio wa wageni, wa harusi, wa shule zenye jina. Pumba zinakwenda kwenye magunia mengine, zinauzwa kwa wafuga kuku na nguruwe. Halafu ingia duka kubwa lolote la Kampala, utazikuta pumba za nchi nyingine, ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke mwembamba anayecheka, bei ambayo ingenunua gunia zima la zile tulizowapa nguruwe. Somo lilitoka kwenye matumbo ya wazee wetu, likasafiri, likafungwa, likarudi na ushuru wa forodha.

Haya, tufike kwenye sukari, maana mtu wa Jinja hawezi kuandika makala ya lishe akaikwepa.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha barua za zamani za shirika la utafiti la wenye viwanda vya sukari Marekani. Barua zilionyesha kwamba katika miaka ya 1960 shirika hilo liliwalipa wanasayansi wa Harvard dola 6,500, kama dola 50,000 kwa thamani ya 2016, waandike mapitio ya tafiti za chakula na moyo. Mapitio yalitoka mwaka 1967 katika jarida kubwa la tiba, yakielekeza lawama kwenye mafuta na kuifunika sukari. Aliyelipa hakutajwa. Na mafuta si kwamba yalisingiziwa kitu kisichokuwepo. Mafuta mengi ya wanyama yana madhara yake. Walichokinunua kilikuwa mpangilio wa macho: tazameni kule.

Mbinu hiyo haikuzeeka. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliandika kwamba Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha mtandao wa wanasayansi waliohubiri kwamba kinachonenepesha watu ni kukaa kuliko kula. Mtandao ulivunjwa kabla mwaka haujaisha. Na mwaka 2003, Shirika la Afya Duniani liliposema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula, chama cha wenye sukari Marekani kilitishia kuliomba Bunge la huko likate mchango wake kwa shirika hilo. Hapo hakuna ujanja tena, ni rungu.

Kisa cha mwaka 1977 ndicho hunichekesha, kwa sababu ni cha maneno na mimi kazi yangu ni maneno. Kamati ya Seneti ya Marekani chini ya George McGovern iliandika kwamba wananchi wapunguze kula nyama. Wafugaji wakaja juu. Kabla mwaka haujaisha likatoka toleo la pili: wananchi wachague nyama zitakazopunguza mafuta mabaya. Punguza imekuwa chagua. Herufi chache tu, na ng'ombe mzima amerudi sahanini.

Sisi huku tuna neno letu la kufanyia kazi hiyo: kwa kiasi. Soda, kwa kiasi. Bia, kwa kiasi. Mafuta, kwa kiasi. Kila nionapo "kwa kiasi" kwenye bango huwa nawaza watu waliokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi wakilitafuta neno ambalo hakuna mdhamini atakayeondoka nalo kwa hasira. Kiasi ni kiasi gani? Kimepimwa kwa kopo la nani?

Vyumba hivyo navijua kwa sababu nimekaa humo. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye mafunzo ya waandishi wa habari katika hoteli moja ya Entebbe, siku mbili, ziwa mbele ya dirisha. Mada ilikuwa kisukari na shinikizo la damu. Mdhamini alikuwa mtengenezaji wa vinywaji, sitamtaja. Wataalamu walizungumza vizuri na hawakusema neno la uongo: tembea, panda ngazi, pima damu, kula matunda. Chai ya saa nne ililetwa na keki na soda. Mwisho wa siku ya pili tulisaini karatasi, tukapokea bahasha ya nauli. Nilirudi nikaandika makala iliyosifiwa na mhariri. Niliisoma tena mwaka jana. Ina maneno mia tisa juu ya kisukari, na neno sukari halimo isipokuwa ndani ya kisukari.

Hakuna aliyenikataza. Hilo ndilo ningependa wasomaji walishike wanapofikiria ushawishi kama bahasha ya rushwa inayopita chini ya meza. Ukila na kipofu humshiki mkono, na mimi nilikuwa nimekula na mwenye macho makali kabisa. Posho ya Kitanzania, fedha, ikapanga posho ya Kiganda, chakula, na mimi nikiwa katikati na kalamu.

Yaliyo wazi zaidi hata hayaoni haja ya kujificha. Kwa miaka mingi mashindano makubwa ya soka ya shule za sekondari Uganda yaliitwa Copa Coca-Cola. Vijana wetu walijifunza jina la kombe kabla ya kujifunza kusoma maandishi madogo ya nyuma ya chupa. Nami nakiri niliwahi kushangilia fainali nikiwa na chupa mkononi, jua kali, shule ya kwetu imefungwa kwa penalti, na soda ile ilikuwa tamu kuliko yoyote.

Sukari hapa kwetu si bidhaa tu, ni siasa ya ardhi. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kukata kama hekta 7,100 za msitu wa Mabira ziwe miwa ya kiwanda cha Lugazi, Kampala iliandamana na watu wakafa. Tuligoma kununua sukari ya Lugazi. Tulifanya nini badala yake? Tulinunua ya Kakira. Katika kelele zote zile, za serikali iliyohesabu tani na zetu tuliohesabu miti, sikumbuki kumsikia mtu akiuliza sukari yote hiyo inakwenda mwilini mwa nani. Na ukiendesha leo kutoka Jinja kuelekea Iganga na kuingia ndani Busoga, utakuta miwa imefika mpaka kizingiti cha nyumba. Afisa wa afya anamwambia mama wa nyumba hiyo alime bustani ya mboga nyuma ya jiko. Nyuma ya jiko kuna miwa. Mwenye miwa ni mumewe, na mwenye deni la mbegu na mbolea ni mumewe pia. Ushauri ni sahihi kabisa, hauna tu pa kusimama.

Mexico iliweka kodi ya peso moja kwa lita ya vinywaji vitamu mwaka 2014. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2018 kwa kodi inayopima gramu za sukari, ingawa kiwango kilichopita kilikuwa karibu nusu ya kile kilichopendekezwa, baada ya viwanda kuzungumza. Uganda nayo inatoza soda ushuru, tena tangu zamani. Lakini ushuru wetu umetungwa na watu wa hazina kwa ajili ya hazina. Haujali chupa ina vijiko vingapi vya sukari. Kila msimu wa bajeti wenye viwanda huleta hoja ya ajira, na Wizara ya Afya husikika kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo redio imefunguliwa juu. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye kifuniko inakuhakikishia soda hiyo ni soda halali. Haikuambii zaidi ya hapo, wala haikuundwa kukuambia.

Na serikali yenyewe ni mshauri wa lishe, hata isipojiita hivyo. Siku ya Wafanyakazi mwaka 2022, bei ya ngano ikiwa imepanda kwa vita ya Ukraine, Rais Museveni aliwaambia wanaolalamikia mkate wale muwogo, akiongeza kwamba yeye mwenyewe hali mkate. Watu walicheka, wengine wakakasirika. Mimi nilikumbuka wodi za Mulago. Muhogo una nguvu, na nchi ingekuwa na njaa mara kadhaa bila huo, lakini mtoto anayeachishwa ziwa akapewa wanga mtupu wa namna hiyo ndiye aliyemfikisha Trowell kwenye maswali yake. Ushauri wa rais ulikuwa wa bei, umevaa nguo za lishe.

Miaka miwili kabla, Kampala na Wakiso zilipofungwa kwa Covid, serikali iligawa chakula kwa mtu mmoja mmoja: kilo sita za unga wa posho, kilo tatu za maharage, na chumvi. Kwa mama anayenyonyesha na mgonjwa, nyongeza ya maziwa ya unga kilo mbili na sukari kilo mbili. Nilipoiona orodha hiyo nilitamani marehemu mama angekuwepo. Unga, maharage, chumvi, sukari: ni mfuko wa baba, haujabadilika hata mpangilio. Na yale maziwa ya unga ya miaka ya 1950 yalikuwa yamerudi kwa mama mwenye mtoto kifuani, safari hii kama zawadi ya taifa. Ilikuwa dharura, nakubali, na kitu kinachogawiwa kwa lori lazima kivumilie lori. Dodo na nakati, mboga zetu za majani, hazivumilii. Lakini wafugaji wa magharibi na wenye viwanda vya maziwa na sukari walikuwa na sauti pale orodha ilipoandikwa kuliko mchuuzi wa mboga wa Nakasero, hata kama hakuna aliyepiga simu. Mgao hufuata ghala lililojaa.

Shuleni ni vilevile. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaweka jukumu la kumlisha mwanafunzi kwa mzazi, na viongozi wamehimiza miaka mingi mtoto afungiwe entanda, yaani chakula cha njiani, atoke nayo nyumbani. Basi mwenye nacho analipa, shule inanunua mahindi kwa sababu mahindi hukaa stoo muhula mzima bila kuoza, na watoto wa nchi yenye mvua mara mbili kwa mwaka wanakula posho na maharage Jumatatu mpaka Ijumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 24 ya wanawake wana uzito uliozidi. Wa mwaka 2014 ulikuwa umekuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu. Mara nyingine ni nyumba moja, mama na mtoto wake.

Nisionekane naona sumu katika kila kitu chenye kiwanda. Chumvi yenye madini joto imetuondolea rovu shingoni. Mafuta ya kula yenye vitamini A yanafika mpaka kibanda cha mwisho barabarani, na unga wa viwanda vikubwa unatakiwa kisheria uongezwe virutubisho. Ila angalia sheria inakomea wapi: kwenye viwanda vikubwa. Mashine ya kijiji, inayosagia watu walio wengi, haimo. Kinyume chake kipo kisa cha viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mganda Robert Mwanga alivizalisha kwa miaka mingi kwenye utafiti wa serikali, na mwaka 2016 akashiriki Tuzo ya Chakula Duniani. Ni vitamini A inayochipua kwa kipande cha shina ambacho jirani anampa jirani bure. Sijawahi kuona kombe la soka lenye jina lake.

Mwezi uliopita, nikiwa na haya kichwani, nilibeba debe la mahindi mpaka kwenye mashine ya jirani hapa Walukuba. Kijana anayesaga hanijui ila kwa uso. Nikamwambia asikoboe, asage yote, ganda na kiini, dona kama wanavyosema Watanzania. Alizima mashine ili asikie vizuri. Nikarudia. Akanitazama, akalitazama debe, akauliza kwa heshima yote:

"Mzee, uko na nguruwe ngapi?"